Kadi za maswali, silaha ya mwanafunzi wa udaktari dhidi ya usahaulifu

Na MWANDISHI WETU

MWANAFUNZI anayejiunga na kitivo cha udaktari aghalabu huwa ndiye aliyeongoza darasa lake tangu shule ya msingi. Alipita mitihani ya kitaifa kwa alama za kutamanisha, wazazi wakamfanyia sherehe, na jina lake likawa mfano unaotajwa kijijini kila watoto wanapohimizwa kusoma. Miezi michache baadaye, mwanafunzi huyo huyo hujikuta ameduwaa mbele ya kitabu cha anatomia chenye kurasa zaidi ya elfu moja, asijue aanzie wapi wala amalizie wapi.

Si kwamba akili yake imepungua. Lililobadilika ni kiasi cha mambo anayotakiwa kuyajua. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na kila mmoja una jina, sehemu zake, misuli inayoushikilia na neva zinazopita karibu nao. Kuna jozi 12 za neva zinazotoka katika ubongo. Kisha kuna biokemia na mizunguko yake, farmakolojia na mamia ya dawa, mikrobiolojia na vijidudu vyake. Hayo yote huja mfululizo, na mitihani haimsubiri mtu.

Wengi hukimbilia mbinu waliyoizoea tangu shule ya upili: kusoma daftari mara kwa mara, kupiga mistari ya rangi chini ya sentensi, na kukesha majuma mawili ya mwisho kabla ya mtihani. Baadhi hufaulu hivyo. Lakini wapo wanaojikuta wakiandikiwa mtihani wa marudio, au wakirudia mwaka mzima huku karo ikiongezeka na mzazi akiuza ng'ombe mwingine. Hata miongoni mwa waliofaulu, wengi hugundua wakifika wodini kwamba yale waliyoyajua barabara mwaka wa pili yameyeyuka kama umande.

Makala haya yanafafanua mbinu ambayo imepata umaarufu mkubwa miongoni mwa wanafunzi wa tiba duniani: kudurusu kwa vipindi kwa kutumia kadi za maswali. Tutaeleza ilikotoka, inavyofanya kazi, namna ya kuitumia hata kwa asiye na tarakilishi, na mipaka yake.

Namna tunavyosahau

Mtu wa kwanza kuupima usahaulifu kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka wa 1885. Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri hadi akaweza kuzitamka bila kukosea. Baada ya muda fulani alijifunza upya orodha zile zile na kupima ni kiasi gani cha juhudi alichokiokoa kwa sababu ya kumbukumbu iliyosalia.

Matokeo yalishangaza. Baada ya dakika 20 pekee, faida iliyosalia ilikuwa asilimia 58. Baada ya saa moja ilishuka hadi asilimia 44, na baada ya siku moja ikawa takriban theluthi moja. Hata hivyo, kuanzia hapo kasi ya kusahau ilipungua: baada ya mwezi mzima bado kulikuwa na karibu asilimia 21. Kwa maneno mengine, kumbukumbu humwagika kwa wingi mwanzoni, kisha huvuja polepole.

Ebbinghaus aligundua jambo la pili, na hilo ndilo msingi wa makala haya. Alipoirudia orodha ya silabi 12 mara 68 kwa mfululizo, siku iliyofuata alihitaji marudio 7 ili kuijua tena kikamilifu. Alipata manufaa sawa na hayo kwa marudio 38 tu, mradi aliyagawa katika muda wa siku tatu. Juhudi zilipungua kwa karibu nusu ilhali matokeo yalibaki yale yale. Wahenga walishalisema kwa lugha yao: haba na haba hujaza kibaba.

Maneno ya Kiswahili katika maabara ya Marekani

Kugawa muda ni nusu ya siri. Nusu ya pili ni kujiuliza badala ya kujisomea tu, na hapa Kiswahili chenyewe kina nafasi katika historia ya utafiti huu.

Mnamo mwaka wa 2008, watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi hao walipewa jozi 40 za maneno, neno la Kiswahili na maana yake kwa Kiingereza, mathalan "mashua" na tafsiri yake. Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa kilikuwa lugha ngeni kwao, hivyo hakuna aliyekuwa na faida juu ya mwenzake.

Kila mwanafunzi alipolikumbuka neno mara moja, makundi yaligawanyika. Baadhi waliendelea kuulizwa neno hilo tena na tena. Wengine waliendelea kulisoma pasi na kuulizwa. Juma moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Wale ambao neno liliondolewa katika maswali, hata kama waliendelea kulisoma, walikumbuka karibu theluthi moja tu.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba wanafunzi wa makundi yote walipotakiwa kukisia watakumbuka maneno mangapi, walitoa makisio yanayofanana, karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokuwapo. Hii ndiyo hatari ya kusoma na kusoma tena: maandishi yakizoeleka machoni, msomaji hudhani ameyajua. Kulitambua jambo unapoliona na kulitoa kichwani bila msaada ni mambo mawili tofauti. Mtihani hudai hili la pili, na mgonjwa pia.

Watafiti hao wawili walikuwa wameonyesha jambo kama hilo mwaka wa 2006 kwa kutumia vifungu vya habari. Waliosoma kifungu mara mbili walifanya vyema zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Lakini baada ya juma moja, waliosoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42. Anayesoma usiku wa kuamkia mtihani, basi, hapotezi alama za kesho. Anapoteza elimu ya mwaka ujao.

Kisanduku cha Leitner

Mbinu ya kuunganisha mambo haya mawili, yaani kujiuliza na kugawa muda, ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner, mzaliwa wa Austria, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1972 kuhusu namna ya kujifunza. Vifaa vyake ni vya bei nafuu, na mwanafunzi yeyote anaweza kuviandaa bwenini.

Nunua karatasi ngumu za manila na uzikate vipande vyenye ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Tafuta kisanduku cha viatu na ukigawe vyumba vitano. Kadi zote mpya huanzia chumba cha kwanza.

Kila unapoitoa kadi, soma swali na ujilazimishe kutoa jibu kabla ya kuigeuza. Ukipata, kadi huhamia chumba kinachofuata. Ukikosa, hurudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha tano. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu kila baada ya siku 4, cha nne kila baada ya siku 8, na cha tano kila baada ya siku 16. Vipindi hivi si sheria. Mwanafunzi anaweza kuvirefusha kadiri mtihani ulivyo mbali.

Utaona jinsi kisanduku kinavyojipanga chenyewe. Mambo magumu hubaki mbele na kukusumbua kila siku. Mambo mepesi husogea nyuma na kukupa nafasi. Anayesoma daftari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hutumia muda uleule kwa analolijua na asilolijua. Mwenye kisanduku hutumia muda mwingi pale penye upungufu.

Tarakilishi inapochukua usukani

Kisanduku kina tatizo moja. Kadi zikizidi elfu mbili, tatu, kuzihesabu na kukumbuka ni chumba kipi kinachopaswa kupitiwa leo huwa kazi kubwa kuliko masomo yenyewe.

Mwanafunzi wa Poland, Piotr Woźniak, alianza kupima vipindi vya kurudia kwa karatasi mwaka wa 1985, na mwaka wa 1987 akaandika programu ya tarakilishi iliyofanya hesabu hizo. Aliipa jina SuperMemo. Kanuni aliyoibuni wakati huo ni rahisi kuieleza. Kadi ukiipata mara ya kwanza, utaiona tena baada ya siku 1. Ukiipata tena, utaiona baada ya siku 6. Kuanzia hapo, kila kipindi huzidishwa kwa kigezo kinachoanzia 2.5. Kadi ikiwa ngumu, kigezo hushuka. Ikiwa rahisi, hupanda.

Tufanye hesabu. Kadi yenye kigezo cha 2.5 itarudi baada ya siku 1, kisha 6, kisha 15, kisha 38, kisha 94. Ukijumlisha, ni siku 154. Hivyo, kwa kuiona kadi mara tano tu baada ya siku ya kwanza, mwanafunzi hulihifadhi jambo kwa zaidi ya miezi mitano. Mwenye kusoma daftari lake mara tano katika wiki moja hutoa jasho lile lile, lakini hana hakika ya kulikumbuka mwezi unaofuata.

Kanuni hiyo ndiyo iliyorithiwa na programu iliyo maarufu zaidi miongoni mwa wanafunzi wa udaktari hivi leo, Anki, iliyotolewa na Damien Elmes wa Australia mwaka wa 2006. Jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Hupatikana bila malipo kwa tarakilishi na kwa simu zinazotumia mfumo wa Android, ingawa toleo la simu za iPhone huuzwa. Mwaka wa 2023 iliongezewa kanuni mpya inayojifunza kutokana na rekodi za mtumiaji mwenyewe na kukadiria siku ambayo anakaribia kusahau kila kadi.

Kwa mwanafunzi wa hapa nchini, faida moja ni kwamba kadi zikishapakuliwa, programu hiyo haihitaji intaneti. Mtu anaweza kupitia kadi akiwa ndani ya matatu, akisubiri foleni ya chakula, au stima zinapopotea usiku, bila kutumia hata senti moja ya data.

Kadi nzuri na kadi mbovu

Mbinu hii hufaulu au huanguka kutokana na ubora wa kadi. Kosa la kawaida ni kunakili ukurasa mzima wa daftari nyuma ya kadi moja. Kadi kama hiyo haiwezi kujibiwa kwa ukamilifu, na mwanafunzi huishia kujidanganya kwamba "karibu nimeipata".

Chukua mfano wa kifafa cha mimba, hali inayoweza kumuua mama mjamzito na mwanawe. Kadi mbovu itauliza: "Eleza matibabu ya kifafa cha mimba." Mwanafunzi mwerevu ataivunja katika vipande vidogo, kila kipande na jibu lake moja:

Swali: Ni dawa ipi huteuliwa kwanza kuzuia na kutuliza degedege za kifafa cha mimba? Jibu: Magnesiamu salfeti.

Swali: Kabla ya kurudia dozi, mama anapaswa awe anapumua angalau mara ngapi kwa dakika? Jibu: Mara 16.

Swali: Mkojo wake haupaswi kupungua kiasi gani kwa saa? Jibu: Mililita 30.

Swali: Ni kiitikio kipi lazima kiwepo? Jibu: Kiitikio cha goti.

Swali: Kwa nini goti hupimwa? Jibu: Kwa sababu dawa ikizidi mwilini, kiitikio cha goti hupotea kabla ya misuli ya kupumua kulemaa.

Swali: Dawa ipi hubatilisha sumu ya magnesiamu? Jibu: Kalsiamu glukoneti.

Zingatia kadi ya tano. Haiulizi "nini" bali "kwa nini". Kadi za namna hiyo ndizo zinazofunga mambo pamoja. Bila hizo, zile nyingine hubaki kama shanga zisizo na uzi.

Aina ya pili ni kadi ya pengo, ambapo sentensi huandikwa na neno moja kufichwa: "Kifundo cha mkono kina mifupa midogo ___." Jibu ni 8. Aina ya tatu huwafaa sana wanaosoma anatomia. Mchoro huwekwa kwenye kadi, majina ya sehemu hufunikwa, na mwanafunzi hutakiwa kuitaja kila sehemu iliyofunikwa. Kwa wasio na tarakilishi, mchoro wa penseli na vipande vya karatasi vya kufunika majina hutosha.

Aina ya nne ni kadi ya mgonjwa. Badala ya kuuliza "Neva ya radiali huongoza misuli gani?", uliza: "Kijana ameanguka kutoka kwenye bodaboda na kuvunjika mfupa wa mkono wa juu, katikati. Hawezi kuinua kiganja, kinaning'inia. Ni neva ipi iliyoumia?" Jibu ni lile lile, neva ya radiali, lakini swali limevaa sura ambayo daktari atakutana nayo kazini. Mitihani ya kisasa ya tiba, vilevile, hupenda kuuliza kwa mtindo huo.

Ratiba inayowezekana

Wengi huanza kwa pupa. Siku ya kwanza huongeza kadi 200, na siku tatu baadaye huzidiwa na marudio na kuitupilia mbali programu nzima. Heri kidogo kinachodumu.

Mwanafunzi akiongeza kadi 20 mpya kila siku, kwa siku 150 atakuwa na kadi 3,000. Kwa vipindi tulivyovitaja, kila kundi la siku moja hurudi mara tano, hivyo mzigo wa kila siku hukaribia marudio 100, mbali na kadi alizozikosea. Akitumia sekunde 8 kwa kila kadi, marudio hayo ni kama dakika 13 au 14. Ukiongeza kadi mpya na zilizokosewa, kazi yote huwa yapata nusu saa au zaidi kidogo. Nusu saa kila siku, asubuhi kabla ya mhadhara, si mzigo usiobebeka.

Kanuni tatu humfaa anayeanza. Mosi, elewa kwanza, kisha tengeneza kadi. Hudhuria mhadhara, soma kitabu, muulize mhadhiri, kisha uandike kadi siku hiyo hiyo. Pili, maliza marudio ya leo kabla ya kuongeza kadi mpya. Tatu, usiruke siku. Ukiacha siku tano, utakuta mamia ya kadi zinakungoja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Yakikufika hayo, usiongeze kadi mpya hata moja hadi ulipe deni, kidogo kidogo.

Mitihani ikikaribia, usiiache mbinu hii na kurejea kukesha. Usingizi ni sehemu ya masomo, kwani ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala.

Je, huongeza alama?

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 72 wa udaktari waliofanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni nchini Marekani. Waligundua kwamba kila kadi 1,700 tofauti za Anki ambazo mwanafunzi alizipitia ziliambatana na ongezeko la alama moja. Kujibu maswali ya mazoezi kuliambatana na ongezeko la alama moja kwa kila maswali 445.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, wanafunzi hawakugawiwa makundi kwa kura. Huenda wenye bidii ndio waliopenda kadi. Pili, maswali ya mazoezi yalikuwa na uzito wake, na kwa idadi yalizidi kadi. Anayetegemea kadi pekee na kupuuza karatasi za mitihani iliyopita anajinyima. Tatu, tangu Januari 2022 sehemu hiyo ya mtihani wa Marekani hutoa tokeo la kufaulu au kufeli tu, bila alama.

Hata hivyo, uchunguzi huo haukusimama peke yake. Mwaka wa 2013, John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti za mbinu kumi za kusomea. Mbili tu walizipa daraja la juu: kujipima na kugawa masomo kwa vipindi. Kupiga mistari ya rangi na kusoma tena na tena viliwekwa daraja la chini.

Mipaka na hatari

Kadi haimfundishi mtu kugusa tumbo la mgonjwa na kuhisi ini lililovimba. Haimfundishi kusikiliza moyo, kushona jeraha, wala kumweleza mzazi kwa upole kwamba mwanawe yu mahututi. Mambo hayo hufunzwa wodini, mbele ya daktari mzoefu, na hakuna programu inayoweza kuyafidia.

Hatari ya pili ni kadi za kuazima. Mtandaoni kuna mafurushi ya maelfu ya kadi zilizotayarishwa kwa ajili ya mitihani ya Marekani. Huokoa muda, lakini hazikuandikwa kwa ajili ya wodi zetu. Magonjwa yanayopewa uzito huko si lazima yawe yale yanayojaza hospitali za Kisumu au Kilifi. Isitoshe, tendo lenyewe la kuandika kadi humlazimu mwanafunzi kufikiri ni nini kilicho muhimu.

Hatari ya tatu ni kadi iliyopitwa na wakati. Tiba hubadilika. Hapa Kenya, klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na nafasi yake ikachukuliwa na dawa za kundi la salfa. Kufikia mwaka wa 2004 sera ilibadilika tena, na mseto wa artemetha na lumefantrini ukateuliwa. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2011 sindano ya artesuneti badala ya kwinini kwa watoto pia. Mwanafunzi anayerithi kadi za kaka yake bila kuzihakiki anaweza kukariri kosa kwa ustadi mkubwa. Kila kadi ya dawa sharti ilinganishwe na mwongozo wa sasa wa Wizara ya Afya, na tarehe iandikwe pembeni.

Hatimaye, faragha. Kadi ya mgonjwa isibebe jina, picha ya uso, wala nambari ya faili ya mtu halisi. Siri ya mgonjwa haigeuki kuwa mali ya mwanafunzi kwa sababu tu imemsaidia kukumbuka.

Kwa wasio na uwezo

Wapo wanafunzi wasio na tarakilishi wala simu ya kisasa. Hao wasivunjike moyo. Kisanduku cha viatu kilifanya kazi kabla ya programu kubuniwa. Wanafunzi wanne wanaweza kugawana mada, kila mmoja akaandika kadi za somo moja, kisha wakaulizana jioni. Anayekosea mbele ya mwenzake hulikumbuka kosa hilo kwa muda mrefu. Kikundi kikihakiki kadi pamoja, makosa hupungua.

Mbinu hii pia si ya madaktari pekee. Wanaosomea uuguzi, utabibu, famasia na teknolojia ya maabara hukabiliwa na mlima ule ule wa majina na vipimo. Hata mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa biolojia anaweza kuanza na kadi kumi kwa siku.

Tamati

Mwanafunzi wa udaktari nchini husoma kwa miaka 6, kisha huhudumu mwaka mmoja kama daktari mwanagenzi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Katika mwaka huo ndipo maarifa hupimwa bila karatasi. Saa tisa za usiku, katika hospitali ya kaunti, mama mjamzito huletwa akiwa na degedege. Daktari mshauri yuko mbali, mtandao hausomi, na muuguzi anamtazama mwanagenzi usoni akisubiri neno.

Wakati huo hakuna nafasi ya kufungua kitabu. Wahenga walinena: hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Kilicho kichwani ndicho kitakachomfaa yule mama. Mwanagenzi aliyejiuliza swali hilo juma lililopita, mwezi uliopita na miezi minne iliyopita hatalazimika kukisia. Ataitaja dawa, ataagiza kupumua na mkojo vipimwe, ataligonga goti, na atajua dawa ya kubatilisha sumu iko wapi iwapo itahitajika.

Alama za mtihani zitakuwa zimesahaulika kitambo. Jibu la kadi ile litakuwa bado lipo.